Mahindi yamejaa ghalani, mtoto harefuki

Mzazi mwenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, najua umeshachoka kusikia kwamba mikoa yetu inaongoza kwa udumavu. Redioni linasemwa, kwenye mikutano ya hadhara linasemwa, na wakati mwingine linasemwa na mtu wa Dar es Salaam anayekula mchele wa Kyela na viazi vya Mbeya, akishangaa sisi tunaomlisha yeye tunashindwaje kulisha watoto wetu. Swali lake linaudhi, lakini si la kijinga.

Takwimu zenyewe ni hizi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe ni asilimia 50.4 na Rukwa 49.8. Kwetu Mbeya ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2018, Iringa ilikuwa na asilimia 47.1, kwa hiyo wakati taifa linashuka kidogo kidogo, Iringa imepanda.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba Iringa hiyohiyo, miaka arobaini iliyopita, ndiko dunia ilikokwenda kujifunza namna ya kupambana na utapiamlo. Mchoro ambao wataalamu wa lishe wanautumia mpaka leo, kuanzia Asia hadi Amerika ya Kusini, kueleza kwa nini mtoto anakosa lishe, umetokana na kazi iliyofanyika kwenye vijiji vya Iringa. Na mmoja wa watafiti waliokuwa kwenye kazi hiyo ni Mtanzania mwenzetu, Dk Olivia Yambi. Leo nataka nikusimulie njia aliyopita, kwa kuwa maswali yaliyoulizwa Iringa wakati ule ndiyo ninayotamani uyaulize nyumbani kwako na kwenye mkutano wa kijiji chako.

Mfupi au aliyedumaa?

Kabla ya hapo tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, kwa sababu mwili haukupata chakula cha kutosha na kinachofaa kwa muda mrefu, au umekuwa ukipigana na maradhi ya mara kwa mara. Mtoto wa kike anapotimiza miaka miwili, akilazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, wastani wake ni sentimita 86. Akipungua 80 tunasema amedumaa. Wa kiume wastani wake ni karibu 88, na mpaka wake ni takribani 82.

Ugumu ni kwamba mtoto huyu haonekani mgonjwa. Ana mashavu, anacheza, anacheka, anakimbiza kuku uani. Ukimlinganisha na wa jirani wanalingana, kwa sababu wa jirani naye amedumaa. Ndiyo maana nikimwonyesha mama mstari kwenye kadi, jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Daktari, sisi kwetu ni wafupi, hata babu yake alikuwa hivyohivyo."

Ni kweli urefu unarithiwa, na katika ukoo wowote utampata mfupi mwenye afya njema. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima hawawezi kuwa wafupi kwa kurithi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa vipimo vya ukuaji tunavyovitumia sasa. Vilitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaotibiwa na wanaoishi katika mazingira safi. Kilichoonekana ni kwamba mtoto wa Ghana na wa Norway, wakitunzwa sawasawa, wanakua karibu sawasawa katika miaka ya mwanzo. Babu yake alikuwa mfupi, sawa. Inawezekana kabisa naye alidumaa.

Na urefu wenyewe si ndio unaotusumbua. Hakuna aliyekufa kwa kuwa mfupi. Sentimita ni dalili tu ya kilichokuwa kinaendelea ndani wakati ubongo unajengwa na kinga ya mwili inajipanga, kipindi kinachoanza mimba inapotunga hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zile siku 1,000 tunazozitaja kila mara. Mtoto wa kike aliyedumaa akija kuwa mama, nyonga yake inaweza kuwa nyembamba, uzazi ukawa mgumu, na akajifungua mtoto mdogo. Mzunguko unaanza upya. Nasema haya bila kumtukana mtoto yeyote: aliyedumaa si mjinga, na mwalimu asimwite hivyo.

Iringa ya mizani

Mwaka 1972 chama cha TANU kilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Wazo la wakati ule lilikuwa rahisi kueleweka: tukilima zaidi, tutakula zaidi, na watoto watakua. Watafiti wa taasisi hiyo mpya walipoanza kuzunguka vijijini walikuta mambo hayaendi hivyo. Kulikuwa na vijiji vyenye mavuno mazuri na watoto dhaifu.

Mwaka 1983 ukaanza mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, kwa fedha za serikali ya Italia zilizopitia WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF). Ulianzia kwenye vijiji 168. Kumbuka Iringa ya wakati ule ilikuwa kubwa. Njombe, Makete na Ludewa zote zilikuwa ndani yake. Miongoni mwa walioufikiria na kuusimamia alikuwemo Urban Jonsson, Mswidi aliyewahi kufanya kazi Taasisi ya Chakula na Lishe kabla ya kuhamia UNICEF.

Angalia walivyoanza. Hawakuanza na unga wa msaada wala maziwa ya kopo. Walipeleka mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito na wahudumu wa afya wa kijiji, watu wa hapohapo waliochaguliwa na wenzao. Hayo ni ya kawaida, utasema, hata leo tunapima kliniki. Tofauti ilikuwa kwenye kilichofuata baada ya kupima. Idadi ya watoto waliopungua uzito ilipelekwa kwenye serikali ya kijiji na kujadiliwa kama yanavyojadiliwa mambo ya mipaka ya mashamba na michango ya shule. Mtoto aliyefariki naye aliandikwa, na kikao kilitakiwa kujiuliza amefariki kwa nini. Kisha: tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Vijiji vikaanzisha sehemu za kulelea watoto mama wakiwa shambani, ambako walipikiwa uji. Baada ya miezi mitatu wakapima tena kuona kama walichofanya kimesaidia.

Kupima, kutafuta chanzo, kutenda, halafu kupima tena. Ni njia ileile ninayoitumia mimi na mgonjwa wangu wa presha, ila pale mgonjwa alikuwa kijiji kizima.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38. Waliokuwa na upungufu mkali walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kwa miaka minne hayo si mabadiliko madogo, na ndiyo yaliyowafanya wageni waje kuangalia.

Mtafiti aliyehesabu walio katikati

Dk Yambi alikuwa mtafiti wa lishe katika Taasisi ya Chakula na Lishe. Alipokwenda kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, hakutafuta mada ya mbali. Alirudi na swali la Iringa. Tasnifu yake ya mwaka 1988 ilifuatilia watoto wa mkoa huo wenye umri wa miezi 6 hadi 30, na ilitaka kujua uhusiano uliopo kati ya hali ya lishe ya mtoto na hatari yake ya kufariki.

Swali hilo linaonekana kama lina jibu tayari. Kila mtu anajua mtoto aliyekonda mifupa ikaonekana, au aliyevimba miguu na nywele zikabadilika rangi, yuko hatarini. Huyo hata jirani atakwambia mpeleke hospitali. Lakini hao ni wachache. Vipi yule aliyepungua kidogo tu, ambaye hakuna anayemshangaa?

Mwaka 1995 David Pelletier wa Cornell na wenzake walichapisha hesabu iliyotokana na tafiti za namna hiyo kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliangalia nchi 53 zinazoendelea, na wakakadiria kwamba utapiamlo ulikuwa na mkono katika asilimia 56 ya vifo vya watoto wadogo. Na katika hivyo, zaidi ya asilimia 80 vilihusu watoto wenye upungufu mdogo au wa wastani, si wale wa hali mbaya. Sababu ni kwamba walio katikati ni wengi mno. Surua, kuhara au nimonia ikiingia kijijini, mwenye akiba mwilini anaugua na kupona. Asiye na akiba anaondoka, na kwenye cheti cha kifo tunaandika nimonia.

Nikisoma matokeo hayo kama daktari nabanwa mahali fulani. Wodini tunawaona wale wa hali mbaya, tunawapa maziwa maalumu ya tiba, tunawarudisha nyumbani na kufurahi. Walio wengi hawafiki wodini. Wako nyumbani, wanakula ugali mara mbili kwa siku, na mama anaambiwa kadi iko sawa.

Hapo ndipo njia ya mtafiti wa lishe inapolazimika kuacha maabara. Ukishajua kwamba tatizo kubwa liko kwa watoto wasioonekana wagonjwa, huwezi tena kulitatua kwa dawa. Unajikuta unauliza nani anaamua mahindi yauzwe lini, mama anarudi shambani siku ngapi baada ya kujifungua, maji yako umbali gani. Mchoro uliotokana na fikra za Iringa ulipanga sababu hizo kwa ngazi. Juu kabisa kuna chakula anachokula mtoto na maradhi yanayompata. Chini yake kuna mambo matatu: chakula cha kaya, matunzo, na huduma za afya pamoja na mazingira. Chini zaidi kuna uchumi, mila na siasa, yaani nani ana mali na nani ana sauti. UNICEF iliufanya mchoro huo kuwa msingi wa mkakati wake wa lishe wa mwaka 1990. Dk Yambi mwenyewe alifanya kazi UNICEF kwa miaka mingi, akawa mwakilishi wa shirika hilo nchini Kenya, na baadaye akawa mwenyekiti mwenza, pamoja na Olivier De Schutter, wa jopo la kimataifa la wataalamu wa mifumo endelevu ya chakula. Kutoka kwenye takwimu za watoto wa Iringa hadi meza inayojadili chakula cha dunia.

Imekuwaje tena?

Ndilo swali gumu. Kama Iringa ilifanikiwa, mbona inaongoza kwa udumavu leo?

Kwanza tuwe waangalifu na namba. Wakati ule walipima uzito. Udumavu unapimwa kwa urefu. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaolingana na kimo chake kifupi, na kadi ikawa kijani miaka yote. Kwa hiyo usichukue ile asilimia 38 ya 1988 ukailinganisha na 56.9 ya 2022. Ni vitu viwili tofauti.

Kwa mtazamo wangu, kilichopotea ni kile kikao. Njia ya Iringa ilipelekwa mikoa mingine, lakini fedha za wafadhili zina mwisho, na miaka ya hali ngumu ya uchumi iliyofuata vijiji vilishindwa kuwalipa wahudumu wao. Mizani ilibaki, ikahamia kliniki, na kupima kukawa foleni ya kupata nukta kwenye kadi. Nukta inawekwa, mama anaondoka, hakuna anayejadili. Wakati huohuo mashamba yetu yamekuwa ya biashara zaidi: chai na mbao Mufindi, nyanya Ilula, viazi, maparachichi na maziwa Rungwe. Siilaumu biashara, ada ya shule hailipwi kwa kande. Ila nimeona mara nyingi kaya yenye ng'ombe wa maziwa ambayo mtoto wake hajui ladha ya maziwa, kwa sababu yote yanakwenda kwa mnunuzi asubuhi.

Serikali nayo ina mazoea ya kuhesabu tani. Msimu ukiisha tunatangaziwa mkoa umezalisha ziada kiasi gani, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umenunua kiasi gani Makambako na Songea. Ni habari njema. Ila tani hazisemi lolote kuhusu sahani ya mtoto wa mwaka mmoja.

Kikombe cha uji

Sasa twende jikoni, maana hapa mzazi unaweza kubadilisha kitu wiki hii.

Tumbo la mtoto wa miezi tisa linabeba takribani kikombe kimoja cha mililita 250, zaidi ya hapo atakataa. Uji mwepesi wa mahindi peke yake, ule unaotiririka, kikombe chake kina takribani kalori 50. Mtoto wa umri huo anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Ukimpa vikombe vitatu amepata nusu. Ameshiba, amelala, na ana njaa. Mama hakumnyima; maji ndiyo yamejaza tumbo.

Ukiuweka unga mwingi zaidi uji unakuwa mzito, mtoto anashindwa kuumeza, mama anaongeza maji. Watafiti wetu waliliona hili zamani na wakalifanyia majaribio katika kijiji cha Luganga mkoani Iringa, kwa kutumia kimea. Ndiyo, kimea kilekile cha pombe. Loweka ulezi usiku mmoja, uuache uchipue siku mbili hadi tatu, uanike juani mpaka ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji unalegea bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena kuua vijidudu, halafu mpe mtoto. Kikombe kilekile sasa kimebeba unga mara mbili au zaidi. Hakileweshi, kwa sababu hakijachachushwa. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa kuwa vichipukizi vya mtama vina sumu. Na kimea kikiota ukungu kitupe.

Kama kimea ni kazi ndefu kwako, tia kijiko cha chai cha mafuta ya kula; hicho peke yake ni kalori 40. Au karanga zilizosagwa, au parachichi lililopondwa ambalo kwetu msimu wake ukifika linaokotwa chini. Yai. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Usipa wa Ziwa Nyasa aliyekaushwa, ukimsaga vizuri akawa unga, ni chakula kizuri kuliko kopo lolote unalouziwa kwa bei ya kuku mzima. Ule unga wa lishe wenye nafaka saba, soya na karanga ndani ya mfuko mmoja hauna ulazima. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na karanga iliyosagwa mapema huharibika haraka.

Kuhusu ukungu niongeze neno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto wa Nyabula mkoani Iringa pamoja na vijiji vya Tabora na Kilimanjaro, ulionyesha kwamba sumu ya fumonisini inayotokana na ukungu wa mahindi ilihusiana na mtoto kuwa mfupi. Kupika hakuondoi sumu hizo. Mahindi ya uji wa mtoto chambua punje kwa punje, yaliyooza na yaliyobadilika rangi usiyapeleke mashineni.

Anza kumpa chakula akitimiza miezi sita, mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, pamoja na kitu kidogo katikati kama ndizi. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili. Akiharisha usimkatishe chakula.

Saa za mama

Nimeandika "mara nne kwa siku" na najua mama mmoja wa Mbozi au Kilolo amecheka. Nani atamlisha mara nne? Desemba mpaka Machi, mvua ikiwa imekolea, mama anatoka alfajiri, analima, anapalilia, anatafuta kuni, anarudi jioni. Mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane na kibakuli cha uji uliopoa tangu asubuhi. Huo ndio wakati ambao akiba ya ndani nayo inapungua, kwa kuwa magunia yaliuzwa Julai yakiwa ya bei ya chini, tena kwa lumbesa.

Ndiyo maana huwa siridhiki tukimfundisha mama peke yake. Baba, hii safu ni yako pia. Wewe ndiye mara nyingi unayeamua gunia lipi liuzwe. Kabla dalali hajafika, kaeni wawili mhesabu: tuko wangapi, tunakula debe ngapi kwa mwezi, mvua za kwanza mpaka mavuno ni miezi mingapi. Mtenge hayo yasiguswe, hata kwa harusi. Mayai kumi yakipatikana, mangapi yanauzwa? Jioni za msimu wa ulanzi fedha ngapi inaishia kilabuni? Na mama akiwa mjamzito, ndoo ya maji ibebwe na mwingine. Hakuna kidonge ninachoweza kuandika kwenye cheti kikachukua nafasi ya hayo.

Kijijini uulize nini

Ile siku ya afya ya kijiji ya Iringa haijafa kabisa. Imerudi kwenye mipango ya serikali kwa jina la Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na inatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kwa halmashauri yenye watoto 40,000, hizo ni Sh40 milioni. Kuna afisa lishe wa wilaya. Kwa karatasi, tuko vizuri.

Wewe mzazi huna haja ya shahada ya Cornell ili kujua kama karatasi imefika kijijini. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muulize mwenyekiti na mtendaji: siku ya lishe ya mwisho ilifanyika lini? Watoto wangapi walipimwa, na je, walipimwa urefu au uzito tu? Wangapi walikutwa wamepungua, na kijiji kilikubaliana kufanya nini? Muulize diwani zile Sh1,000 zimetengwa kiasi gani na zimetoka kiasi gani, kwa kuwa kutenga na kutoa ni mambo mawili. Uliza kwa heshima, lakini uliza mbele ya watu ili iingie kwenye muhtasari. Ukienda kliniki pia, mwombe nesi ampime mtoto urefu na akuonyeshe nukta ilipo. Ubao ukiwa haupo, hilo nalo ni la kupeleka kwenye mkutano.

Kuna swali moja ninaloulizwa kila nikiandika kuhusu udumavu: mtoto wangu ameshavuka miaka miwili na ni mfupi, je, nimechelewa? Sehemu kubwa ya urefu hujengwa mapema, lakini mtoto wa miaka mitatu au minne akilishwa vizuri, akapewa dawa za minyoo kwa wakati wake na akatibiwa magonjwa yanayojirudia, bado anaweza kurudisha kiasi, na akili yake inaendelea kukua kwa kuongeleshwa, kuchezeshwa na kwenda shule akiwa amekula. Usinunue dawa za kurefusha zinazouzwa stendi. Akifika umri wa kubalehe, hasa wa kike, mpe chakula chenye madini ya chuma, usimwozeshe, mwache asome. Na kama una mimba nyingine, anza kliniki kabla ya wiki ya 12, uende na kadi ya huyo mkubwa pia, ili nesi aone alivyokua na wapi alianza kuchelewa.